Zimwi Aliyekaribishwa Kibaridi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Joto!

Joto la wapi?

La Vitongeni, linalomfanya kuku atage yai limeshachemka!

Ehee, hapo mmeitika. Sasa tulieni. Na wewe mwenye kipepeo, jipepee mwenyewe, usinipige nacho puani. Joto, joto, joto, tangu mchana mnanilalamikia joto. Hili nalo joto? Joto lilikuwa Vitongeni.

Hapo zamani palikuwa na mji unaitwa Vitongeni. Kaskazi ikiingia, jua linashuka mpaka unaona ukinyoosha mchi utaligonga. Mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Unaanika kanga, ukigeuka imekauka, ukigeuka tena imepauka.

Lakini Vitongeni walikuwa na kidimbwi chao, jina lake Kibaridi. Maji yake yanatoka chini ya jabali, ya baridi mpaka meno yanauma. Basi kila adhuhuri watoto wote wako huko. Hawa wanapiga mbizi, hawa wanarushiana maji, hawa wanapanda juu ya ukingo wa tope, wanakalia karara kavu la mnazi, wanateleza nalo mpaka majini, chubwi! Wakirudi nyumbani mama zao wanauliza, huyu wangu au wa jirani?

Na wakubwa walikuwamo, msidanganyike. Wanakaa ukingoni miguu majini, wanakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na kusengenya kwao kunakwenda vizuri. Mtu ukipoa miguu, ulimi nao unanyooka. Hahahaa!

Palikuwa na msichana anaitwa Mize. Mize ana mdogo wake, Vuai, kitoto kichanga, hata kukaa hakijaweza. Vuai na joto hawapatani. Jua likipanda, mwili mzima unamtoka vipele vya harara, ananyong'onyea, ziwa la mama hataki. Mama yao, Bi Shara, ana dawa moja tu. Kila adhuhuri anamchovya Kibaridi kidogo kidogo, halafu anamfunika kitambaa kilicholowa. Hapo mtoto anafungua macho, ananyonya. Basi wengine Kibaridi kwao mchezo. Kwa Vuai ndiyo roho yake.

Siku moja, Bi Mashavu alikuwa kakaa ukingoni na embe lake. Bi Mashavu huyu mwanamke mwema, lakini mdomo wake hauna komeo.

Na mila yetu mnaijua. Mtu akipita nawe unakula, unamwambia karibu. Yeye anajibu ahsante, kuleni, anakwenda zake. Ndio uungwana huo. Karibu ya njiani ni ya mdomoni tu.

Basi Bi Mashavu akasikia mtu anapita, du, du, du. Hata uso hakuinua, anahangaika na kokwa.

"Karibu!" akasema.

Hatua zikasimama. "Karibu nini?" Sauti nzito kama pipa linaviringika.

"Karibu embe, karibu maji, karibu ujipoze."

"Nimekaribia!"

Lo! Kuinua uso, zimwi! Zimwi zima! Masikio kama nyungo, nywele kama makumbi, tumbo linanguruma kama tanuri la chokaa. Kubwa kama nyumba ya chumba na ukumbi! Akajitupa Kibaridi, chubwiii! Maji yakaruka, watoto wakatupwa ukingoni kama dagaa waliotandazwa. Na maji yaliyobaki yakaanza kutoa moshi kama ya chai.

"Toka! Toka! Toka!" watu wakapiga kelele.

Zimwi akajinyoosha, akaimba:

*Mimi mgeni, nimekaribishwa!*
*Sikuvunja mlango, nimekaribishwa!*

Watu wote wakamgeukia Bi Mashavu.

"Mnanitazamia nini?" akasema. "Mimi nimesema tu! Nani asiyesema?"

Basi wakampelekea habari Sheha Makame, mkubwa wa mji. Sheha akavaa kanzu, akavaa kofia, akavaa na koti juu, joto lote lile, heshima bwana. Akaenda. Watu wakangoja. Akarudi anatota jasho.

"Vipi, Sheha? Anatoka?"

"Nimeanza kumwambia. Akaniambia yeye mgeni. Sasa mgeni unamwambia nini? Nikamuuliza, umekunywa kitu? Anataka madafu."

Jamani! Wakaangua madafu. Zimwi akanywa, madafu yakimfika kooni yanachemka. "Sijapoa!" akasema. Akanywa mpaka minazi ikabaki na makuti matupu.

Sheha akaenda tena. Akarudi.

"Vipi, Sheha? Anatoka?"

"Anataka ukwaju."

Wakaloweka ukwaju, wakakamua, wakatia sukari, wakapeleka kwa ndoo. Zimwi akanywa, ukwaju ukachemka tumboni. "Sijapoa!"

Sheha akaenda mara ya tatu. Akarudi, koti kalivua mwenyewe.

"Vipi, Sheha? Anatoka?"

"Anataka kupepewa."

Sasa hapo nisaidieni nicheke, maana nikilia mtaniogopa. Mji mzima ukasimama juani unampepea zimwi! Wanawake kwa vipepeo, wanaume kwa sinia, kwa zamu, mikono imevimba. Wanaunguzwa wao apepewe yeye! Mtu akitaka kunung'unika tu, zimwi anafungua jicho moja:

*Mimi mgeni, nimekaribishwa!*
*Sikuvunja mlango, nimekaribishwa!*

Na watu wanainamisha vichwa. "Kweli, kweli. Mgeni ni baraka." Baraka gani hiyo, wallahi!

Siku zikapita hivyo. Watoto hawachezi tena. Wanalala sakafuni kama nguo zilizoanguka kambani, wanagombana kila saa. Huyu kanigusa, huyu kanipumulia, huyu kanitazama. Mama zao wanakaribia wazimu.

Na Vuai? Vuai ndiye wa kuhurumia. Bi Shara alichota maji ya Kibaridi, yalikuwa ya kumnyonyolea kuku. Akayaweka kwenye mtungi yapoe, yakapoa kidogo tu, kama uji wa mgonjwa. Visima vingine kaskazi imevikausha. Harara ikamtanda mtoto mpaka kwenye kope. Kwanza alilia sana. Halafu akalia kidogo. Halafu akanyamaza, na ziwa halitaki.

Mize akamwambia mama yake, "Mama, leo kanyamaza. Labda anapata nafuu."

Bi Shara akamtazama. "Mwanangu, mtoto mchanga akinyamaza hivi si nafuu. Asipopata maji baridi leo, kesho hatuna Vuai."

Basi Mize akatoka mbio mpaka barazani kwa Sheha. Akawakuta wazee wamekaa, wanapepea mikono yao iliyochoka kupepea.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mize. Mdogo wako hajambo?"

"Anakufa," Mize akasema.

Wazee wakashusha mikono.

"Babu zangu, nyinyi wenyewe si ndio mnatwambia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kamaliza madafu ya mji mzima. Jembe lake liko wapi?"

Sheha akakohoa. Akamtazama mwenzake, mwenzake akaitazama ndara yake.

"Mjukuu wangu," akasema Sheha, "huo ni msemo. Tunausema tu. Nani aliwahi kumpa mgeni jembe kweli? Si aibu hiyo? Watu wa miji mingine watasema nini?"

"Watasema Vitongeni wamemzika mtoto kwa kuona haya," akajibu Mize.

Hahahaa! Msichana huyo! Ningekuwepo ningempigia vigelegele mpaka sauti ikauke.

Akaondoka. Akapita nyumbani, akachukua jembe la mama yake nyuma ya mlango, akaenda nalo Kibaridi. Watu wakaacha kupepea.

"Mize, rudi!"

"Mize, utaliwa!"

"Mize, ni utovu wa adabu!"

Huyo wa mwisho alikuwa Bi Mashavu.

Mize akasimama ukingoni. "Shikamoo, mgeni."

"Marahaba," akasema zimwi bila kufungua macho. "Umeleta nini?"

"Nimekuletea kitu. Hujapewa tangu ufike."

Sasa zimwi na kupokea! Akanyoosha mikono yote miwili upesi upesi. Mize akamkabidhi jembe kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote.

Zimwi kufumba vidole, mpini ukamganda! Akatikisa, wapi. Akauma, wapi. Akaupiga jabalini, wapi!

"Nini hiki? Nitoeni!"

"Hatukufungi sisi," Mize akasema. "Umeingia kwa mila, na mila ndiyo iliyokushika. Sisi tulikupa karibu, ukaitia kinywani yote. Sasa jembe nalo ni lako."

Mkono ukainuka wenyewe. Zimwi akavutwa na jembe kutoka majini, huku analia kama ng'ombe, mpaka kwenye ukingo wa udongo. Na Mize akamwimbia:

*Mgeni lima, umekaribishwa!*
*Siku zimekwisha, umekaribishwa!*

Jembe likashuka, ti! Zimwi akaguna.

Jembe likashuka, ti! Zimwi akahema.

Jembe likashuka, ti! Tone moja likamdondoka kwenye kipaji. Zimwi akaliona, akapiga yowe.

"Nakufa! Nakufa mimi! Kichwa changu kinavuja!"

Watoto waliolala majumbani wakasikia yowe, wakaja mbio. Walipomwona walianguka kwa kicheko.

"Hufi," Mize akamwambia. "Hilo jasho."

"Jasho ni nini?"

Mnasikia? Jitu lile lina miaka mia tano, halijui jasho! Maana tangu kuzaliwa halikuwahi kuinua hata kata ya maji. Joto lake lote limekaa ndani, halina pa kutokea, linatafuta watu wa kulipoza.

Basi jembe halikumwachia. Ti! Ti! Ti! Jasho likamchuruzika usoni, mgongoni, tumboni, likianguka chini linafanya shiii! Na kila likitoka, joto linatoka nalo, na zimwi anapungua. Alikuwa kama nyumba, akawa kama ng'ombe. Alikuwa kama ng'ombe, akawa kama mbuzi. Hapo upepo kidogo tu ukapita, ukampiga kwenye mgongo uliolowa. Zimwi akasimama kinywa wazi.

"Loo! Nimepoa!"

"Ehee!" akasema Mize.

"Nimepoa! Kumbe ndio hivi tu? Mbona hamkuniambia?"

Sheha Makame akakaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Madafu yetu," akasema. "Madafu yetu yote."

Zimwi akapiga jembe la mwisho, akabaki mdogo kama kenge. Mpini ukamtoka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona haya, na kwa mara ya kwanza akasema neno la kiungwana: "Ahsanteni. Kwaherini."

Bi Mashavu, mdomo wake na yeye hawajuani, akafungua, "Karibu te..."

Mji mzima ukamrukia! Huyu kamziba kwa kanga, huyu kwa kiganja, Sheha mwenyewe kwa kofia! Zimwi akaingia kichakani, chakara chakara, hakuonekana tena.

Na Kibaridi, kulipotoka lile tanuri, jabali likaanza kumwaga maji mapya. Watoto wakataka kujitupa, maana walikuwa wameungua vya kutosha. Lakini hakuna aliyetia hata kidole. Wakajipanga ukingoni, wakampisha Bi Shara.

Bi Shara akaja na Vuai kifuani, kalegea kama kitambaa. Akapiga magoti. Akamtia miguu. Kimya. Akamtia kiuno. Kimya. Mize akachota kwa kiganja, akammwagia utosini taratibu.

Vuai akavuta pumzi, akafungua kinywa, akapiga ukelele! Ukelele wa hasira, wa kuwatukana wote, maji baridi haya mnanimwagia kwa idhini ya nani? Akakunja ngumi, akampiga mama yake kidevuni, kisha akalitafuta ziwa mwenyewe, akanyonya huku anafoka.

Bi Shara akalia, akacheka, akalia.

Na watoto? Si wameshaingia! Pale zimwi alipolima pamekuwa mfereji wa tope laini mpaka majini. Wakakalia makarara yao, wakateleza, chubwi! Chubwi! Na Mize nyuma yao, chubwi! Na Sheha, kanzu na yote, akasema anakwenda kupima urefu wa mfereji tu, akajikwaa kwa makusudi, chubwiii!

Hadithi yangu imeishia hapo, mfereji uliposhukia. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nitaitia chumvi na pilipili.

Na funzo lake ni hili: mkaribishe mgeni kwa moyo mmoja, lakini usione haya kumpa jembe, maana haya ikizidi humuua asiye na kosa. Na anayetaka kupoa, asitafute watu wa kumpepea. Ainuke atoke jasho kidogo, halafu ndio aingie majini na wenzake.