Chupa Safi za Malogo

Hapo zamani, enzi ambazo watu wa Hombolo walipanda mizabibu hata nyuma ya jiko, aliishi mtu mmoja jina lake Malogo. Yeye na mkewe Nyemo hawakujaliwa mtoto; walijaliwa divai. Kila msimu walikamua zabibu zao, wakaiacha divai pipani ichachuke mpaka itulie, kisha wakaijaza kwenye chupa kuukuu zilizosafishwa. Malogo aliosha, Nyemo alinusa. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa hudanganya macho, lakini pua ya Nyemo haikudanganyika. Na chupa ya kwanza ya msimu waliinywa wao wawili tu, mlango umefungwa. Majirani walisubiri ya pili.

Basi Nyemo akafa. Alikufa divai ikiwa pipani, na kiangazi hicho mizabibu nayo ikakauka. Ikawa ile ndiyo divai ya mwisho iliyopitia mikononi mwake. Malogo akatafuta chupa, hana hata moja, zote ziliondoka na watu wa matanga. Pua yake mwenyewe nayo ilishakufa zamani kwa mafua makali. Hakuweza kutofautisha ua na samadi. Akaomba msaada kwa watu watatu.

Wa kwanza ni Chibago, mfagizi wa hoteli moja mjini. Chupa za wageni zilikuwa zikitupwa shimoni; yeye akazifunga kwenye baiskeli, akaja nazo. Wa pili ni Ndahani, jirani, mjane. Alizilowesha, akabandua karatasi, akatia mchanga na maji ya majivu, akatikisa, akasuuza, akazipindua juani. Wa tatu ni Yudia, mdogo wake Nyemo, mwenye pua ileile ya dada yake. Akanusa moja moja: hii ndiyo, hii siyo.

Jamani, siku ile nyumba ilichangamka! Huku kicheko, huku ubishi, huku ugali unasongwa. Malogo akawatazama watu wakila kwake, na moyo ukamwambia: zikijazwa leo, kesho utakula na nani?

Akasema, "Hazijatakata bado. Kesho mrudi."

Wakarudi. Ndahani akaosha, Yudia akanusa. Malogo akainua chupa kwenye mwanga, akakunja uso. "Naona ukungu. Halafu hazitoshi. Chibago, ongeza." Kesho yake tena. Osha, nusa, bado. Osha, nusa, bado. Na walipokwenda zao alilifunua pipa, akaliinamia, akasema, "Nyemo, leo wamekuja tena." Hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Wapika divai mnanielewa: divai iliyotulia haitaki hewa. Mnacheka? Wahenga walisema upweke ni uvundo, na bwana huyu hakuwa na pua.

Yudia ndiye aliyechoka kwanza. "Shemeji, chupa ni safi. Divai inaanza kuharibika. Ijaze leo!"

"Hapa ni kwangu, shemeji. Nimesema bado."

Alipoona hasikii, Yudia akangoja Malogo atoke kuchota maji. Akajaza chupa moja mpaka shingoni, akaishindilia kizibo, akaifunga ndani ya kanga, akaondoka nayo. Hakurudi tena.

Chibago naye akaendelea kuleta chupa, mpaka msimamizi wa hoteli akamkuta na mzigo getini. Takataka au si takataka, akamwita mwizi, akamfukuza kazi. Malogo alipomwona rafiki yake amekuja mchana wa siku ya kazi, mikono mitupu, aibu ikamshika. "Haya," akasema, "leo tujaze."

Ndahani akachovya kata pipani, akaonja, akatema. Siki. Siki tupu.

Malogo alikaa chini vumbini akalia. Alilia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile hakuwa na wa kumlaumu.

Habari zikamfikia Yudia. Akaja na kanga yake, akaifungua. "Imebaki hii."

Malogo akaipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ya kwanza tulikuwa tukinywa wawili, na hii nitainywa vivyo hivyo. Peke yangu siwezi, nikijaribu itanikaba. Nitakunywa na mmoja wenu." Mkaidi, ndiyo, lakini mke alikuwa wake.

Chibago akasema, "Kaka, uliponiambia hazitoshi, sikuuliza. Nilikuamini mpaka kibarua kikaota nyasi. Hiyo chupa uliyoishika niliitoa shimoni mimi."

Yudia akasema, "Bila mimi ungekuwa umeshika siki. Nilikuibia, sikatai. Nilikuacha, sikatai. Lakini kazi ya mikono ya dada yangu imo humo kwa sababu sikukutii."

Ndahani alikuwa anasugua viganja vyake vilivyochubuliwa na majivu. "Zilitakata tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilijua. Nimeosha chupa safi siku zote hizo. Nilijua unatudanganya, na nilijua kwa nini. Na mimi kwangu hakuna anayeningoja."

Yudia akamgeukia kwa hasira. "Ulijua, ukanyamaza, divai ya dada yangu ikaoza?"

"Mambo ya divai siyajui, mdogo wangu. Nilichojua ni kwamba tukimaliza, atabaki peke yake."

Malogo akamtazama aliyemwamini. Akamtazama aliyemuasi. Akamtazama aliyeujua uongo wake na bado akaja. Kisha akasimama, chupa mkononi, akamshika mmoja wao mkono, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Wawili walibaki uani, na kila mmoja akarudi kwake kwa njia yake.

Mimi sikuwaona walioingia. Ninyi mnaorudi kwenye nyumba zenye watu jioni hii, na ninyi mnaorudi kwenye nyumba tupu, niambieni: kati ya wale watatu, je, nani alistahili?