Kiti cha Kiwandani

Kaeni, ndugu zangu. Kaeni vizuri. Na ninyi vijana wa bodaboda mliojipanga benchi la nyuma na helmeti zenu chini ya miguu, sogeeni mbele, maana leo neno ni la kwenu. Msitazamane. Sitasema habari za mwendo kasi. Hizo nawaachia trafiki, wana kikapu chao cha sadaka.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, kazi yake kushindana kwa pikipiki. Siyo hizi za kubeba mkungu wa ndizi, mbuzi na shemeji kwa safari moja. Pikipiki za mbio, zile zinazolala kwenye kona mpaka goti la mwendeshaji linafagia lami. Katika mchezo ule, mtu wa miaka thelathini na minane ni babu, na yeye alikuwa ameshaifikisha. Mtulinga wake, huu mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika na kuungwa, ukavunjika na kuungwa, hata fundi wa sufuria angeukataa. Asubuhi akiinuka kitandani, viungo vinatangulia kumsalimia mkewe.

Sasa hapa nisikilizeni. Kiwanda kinachotengeneza pikipiki hizo kina timu yake chenyewe. Hiyo inaitwa timu ya kiwanda, na kila mwaka inapewa pikipiki mpya, inanukia rangi. Halafu kiwanda hicho hicho kina timu ndogo ya pembeni, ambayo inaazimwa pikipiki. Inaazimwa zipi? Za mwaka jana! Mama Tusekile, wewe umelea wavulana watano, unanielewa. Wa kwanza ananunuliwa sare mpya ya shule. Wa pili anavaa ya kaka yake, ina kiraka matakoni. Basi huyu mzee wetu, tangu aanze mbio, alikuwa anavaa kiraka.

Na msidhani hakuwa na pa kwenda. Kuna wakati kiwanda kingine, cha kawaida tu, kisichoshinda, kilimwita. Wakamwambia, "Njoo uwe mkubwa kwetu. Pikipiki yetu bado ni nzito, lakini tutaijenga kwa kukusikiliza wewe." Kabla hajajibu, akaenda kumwona meneja wa kile kiwanda kikubwa. Meneja akamshika bega. "Vumilia kidogo, bwana. Kiti kikipatikana, tutakukumbuka."

Akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba wale wengine amewakatalia. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Mume wangu," akasema, "kila mwaka unanyoa ndevu kwa ajili ya harusi ambayo hujaalikwa."

"Wameniahidi."

"Wamekushika bega. Ungeahidiwa ungekuja na karatasi."

Wanaume mliomo humu, nani kati yetu amewahi kumsikiliza mke anayechambua mchele? Akabaki palepale. Akasubiri.

Katika kusubiri, timu ndogo ikaletewa kijana. Kijana hajui kitu, ana mbio tu, kama maji yaliyopasua bomba. Mzee akampokea vizuri sana, hilo lazima niseme. Akamfundisha kuvuta breki akiwa ameshalala kwenye kona. Akamfundisha kuyasikiliza matairi. Akamfundisha na siri moja ambayo hakuwahi kumpa mtu: kwenye kona fulani ya kushuka, kwenye uwanja wa mbio za mwisho wa msimu, waendeshaji wote hupita katikati ya lami. Yeye alikuwa anapita ndani kabisa, anakwaruza ukingo, anaokoa muda hapo. Ni mstari mwembamba kama wa chaki. Duniani waliopita hapo walikuwa wawili tu, yeye na huyo kijana. Kijana akamwita kaka, na akimwita hivyo alikuwa anamaanisha.

Kisha kile kiti cha timu ya kiwanda kikapatikana kweli. Meneja akaja. Akampita mzee, akamshika bega akipita, akaenda kumchukua kijana.

Na tazameni uchungu ulivyo na mipango. Pikipiki anayoendesha kijana mwaka huu, mwaka ujao inashuka timu ndogo. Inashuka kwa nani? Kwa mwalimu wake! Mzee anakalia siti ambayo sponji yake imeshachukua umbo la makalio ya mwanafunzi. Chekeni. Chekeni sasa hivi, maana mbele huko hamtapata nafasi.

Mzee akaanza kuomba. Alikuwa mtu wa maombi, msimdharau. "Mungu wangu, nipe kile kiti. Sijaomba kikubwa." Anaomba asubuhi, anaomba akiwa amevaa helmeti, hakuna anayemsikia. Lakini kiti anachokiomba kina mtu ndani yake. Ukiomba hivyo muda mrefu, ndugu zangu, inafika mahali hujui tena kama unaomba kiti au unaomba aliyekikalia aondoke.

Ikafika siku ya mbio za mwisho za msimu, kwenye uwanja ule wenye ile kona. Mvua ilikuwa imenyesha, ikakatika. Lami ikakauka. Wakaguzi wa uwanja wakapita, wakasema pako salama. Waendeshaji wa timu kubwa wakabaki ndani, wakiyatunza matairi yao. Wa timu ndogo hawana raha hiyo, wao hujifunza kwa kuzunguka. Kwa hiyo mzee akatoka kwenda kupasha pikipiki moto.

Alipofika kwenye kona ya kushuka akapita ndani kabisa, kama kawaida yake. Tairi la mbele likateleza. Akaegemea goti, akajiokoa kwa bahati tu. Kumbe maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye tuta, chini ya majani, yanaingia kwenye ule mstari peke yake. Ukisimama huoni kitu. Ni kama sakafu iliyopigwa deki na mtu akasahau kukuambia. Wenzake wanaopita katikati hawakugusa hata tone.

Akarudi bandani kwao, akakaa. Kanuni ya timu ndogo ni kwamba ukiona jambo unalipeleka timu ya kiwanda. Ni kazi, analipwa kwa hiyo. Hakuinuka.

Hakupita muda, kijana mwenyewe akaja kwa miguu yake. Alikuwa anatabasamu. Akachuchumaa mbele ya mzee, kama mlivyo wadogo wote mkiongea na kaka zenu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mbona meno nje? Umeoa?"

"Bado, unaniwahi wewe. Eh, kaka... ile kona yetu umeionaje leo?"

Ngojeni hapa. Nataka muone alichokuwa anawaza, kwa sababu tukikimbilia kumwita muuaji tutakuwa tumejitoa wenyewe kwenye hadithi. Hakutaka kijana afe. Wallahi hakutaka, na mnisamehe kiapo cha jirani zangu. Alitaka avunjike mkono. Mkono tu! Akae nje msimu mmoja, apone, kiti kipumzike kwa mwingine kidogo. Si ndivyo tulivyo? Nani humu anataka mtu afe? Sisi ni waungwana. Sisi tunataka watu wavunjike mkono tu.

"Kavu," mzee akasema.

"Kabisa?"

"Nimekwambia kavu. Nenda kavae."

Kijana akampiga bega, akaondoka akicheka peke yake.

Mbio zikaanza. Kijana akatangulia mbele ya wote. Akaifikia kona akiwa kwenye mwendo wake wote, akaingia ndani kabisa, kwa sababu mtu aliyempenda alimwambia ni kavu. Mzee alikuwa nyuma yake, na yeye siku hiyo alipita katikati. Aliona kila kitu. Pikipiki ilianguka upande mmoja, kijana upande mwingine, halafu pikipiki ikagonga ukingo, ikarudi.

Sitawaeleza zaidi ya hapo. Kuna watoto humu.

Mbio zikasimamishwa. Wakaguzi wakainama pale, wakaona maji, wakasema yametoka baada ya wao kupita. Hakuna aliyeuliza lingine. Mzee alikuwa amekaa bandani, helmeti bado kichwani, hataki kuivua, maana ndani yake hakuna anayeuona uso. Meneja wa timu ya kiwanda akaingia. Akavuta kiti, akakaa karibu naye. Safari hii hakumshika bega.

"Pole," akasema. "Najua alikuwa mdogo wako kabisa."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Hivi alikwambia, au hakuwahi?"

"Kuniambia nini?"

"Msimu ujao tunaweka pikipiki mbili mpya. Tulimletea mkataba, akaukataa. Akasema hasaini mpaka kwenye kiti cha pili uwekwe wewe. Nikamwambia umezeeka. Akanijibu, basi mtafuteni na mwingine wa kukaa kwangu, maana kona zote ninazopita nilifundishwa na yeye." Meneja akafuta macho kwa kiganja. "Akatushinda. Jana tukasaini. Nafasi ni yako tangu jana. Alituapisha tusikwambie, alitaka aseme mwenyewe jioni, baada ya mbio."

Meneja akasogeza kiti karibu zaidi.

"Asubuhi akashindwa kuvumilia. Akaniambia, naenda kumwona tu uso wake, sitasema kitu, nitatafuta cha kumuuliza. Alikuuliza nini?"

Ndugu zangu, mzee alijibu nini? Alisema, "Alinisalimia tu."

Hilo ni jibu la pili. Na jibu la pili sikuzote huwa rahisi kuliko la kwanza, ndiyo maana tunaharibikiwa.

Mnataka kujua kama alikikalia kile kiti. Naona, Mzee Mwambene, umejiinua hapo mbele, unataka aangukie magoti, aseme yote, tuimbe pambio twende zetu. Alikikalia. Angekataaje? Angekataa angetakiwa kutoa sababu. Wakampa pikipiki mpya inayonukia rangi, na ubavuni wakabandika jina la marehemu, na watu wakasimama wakampigia makofi, wakasema tazama anavyomuenzi mdogo wake. Alilolilia kwa miaka yote akalipata kamili, bila kupunguzwa hata skrubu moja. Mkewe akamwuliza, "Sasa mbona huli?" Kila akifika kwenye kona yoyote ya kushuka, mkono wake wenyewe unafunga mafuta, yeye hajauambia. Wakamvumilia, kwa ajili ya marehemu. Wakaja kumtoa. Anazeeka mahali fulani sasa hivi, na bado watu wanamwendea kumpa pole.

Haya. Sasa tuje kwetu, tusijifiche nyuma ya pikipiki za watu.

Mimi sina wasiwasi na wezi walio humu. Mwizi anajijua. Nina wasiwasi na sisi tuliokaa wima, tuliovaa suti, tunaojibu "iko sawa" kwa sauti ya upole. Mwenzako wa sokoni anakuuliza, hili robota la vitenge nilinunue? Wewe unajua rangi inachuja, ulishalilia mwenyewe, na kibanda chake kinaingiza kuliko chako. Unasema nini? Mwalimu mwenzako anakuuliza, mkaguzi anakuja lini? Unajua ni Jumatano, na unajua ukuu wa shule unatafutiwa mtu. Binti anakuuliza wewe shoga yake, huyu kaka umemwonaje? Wewe unamfahamu huyo kaka, unajua vizuri sana kwamba atamliza, basi tu hupendi binti akuache nyuma kwa ndoa nzuri. "Yuko sawa." Hujamsukuma mtu. Mikono yako ni safi, unaweza kuja mezani kwa Bwana ukainyoosha.

Na linalonikosesha usingizi ni hili. Yule mzee alidhani Mungu hajamjibu. Kumbe alishajibiwa tangu jana, na jibu lilikuwa linatembea kuja kwake kwa miguu miwili, limechuchumaa mbele yake, linatabasamu kwa sababu limeshindwa kukaa na siri. Mtu aliyekuwa anamwona ni kizuizi ndiye aliyekuwa mlango. Je, sisi? Huyo unayemtazama kwa jicho la pembeni, huyo uliyemkalia kimya, unajua jana alikuwa wapi? Unajua alikutaja kwa nani, na alikutaja kwa jina gani? Hujui! Mimi pia sijui. Ndiyo inayotisha. Unaweza kumzika mtu na usijue umezika nini.

Kwaya, msianze kwanza. Mwalimu wa kwaya, shusha mkono, baba, tafadhali. Leo hatufungi kwa wimbo hapa hapa. Kuna mtu humu ndani ambaye wiki hii ameulizwa swali na mwenzake, na anajua alichojibu. Mwenzake bado hajaingia kwenye kona. Mbio bado hazijaanza. Simu unayo mfukoni, na mlango ule wa pembeni haujafungwa. Toka nje ukampigie. Hakuna atakayegeuka kukutazama, na nikimwona mtu anageuza shingo nitamtaja jina.

Nenda. Tutakusubiri.