Daftari la Zamu Lililoanikwa Juani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, zamani ile wanyama walipokuwa na ofisi na mihuri, ukame ulikausha kila kitu, likabaki bwawa moja tu. Baraza likaandika daftari: kila nyumba na siku yake ya kuchota maji. Daftari akapewa Kiboko, karani.

Kiboko akalikalia. Namaanisha alilikalia kweli, puu!

Mama Digidigi alikuwa na watoto watatu na mtungi mtupu.

"Hodi, Mzee. Naomba kuangalia siku yangu."

"Njoo kesho."

Kesho akaja.

"Muhuri haupo. Njoo Ijumaa."

Ijumaa akaja.

"Hii ni siri ya serikali. Halafu jina lako halimo."

"Halimo? Basi niangalie mwenyewe."

"Uangalie nini, bibi wewe? Kwani unajua kusoma?"

Mama Digidigi akarudi nyumbani anaburuta miguu. Mwanawe mdogo alikuwa analia bila machozi, maana hata machozi yalishakauka.

Mara ya saba hakuomba kitu. Alisimama mlangoni akanusa. Nff! Nff!

"Mzee, nini kinaoza humu?"

"Wapi?"

"Hapo ulipokaa. Kila ukioga unatoka majini umelowa, unakalia karatasi. Wakaguzi wa Baraza wakikuta daftari limeota uyoga, kazi unayo tena?"

Kiboko akanyanyuka, ngrrr! Kweli, daftari chapachapa.

"Yarabi! Nifanyeje?"

"Nguo mbichi tunazifanyaje, Mzee? Si tunaanika?"

Kiboko akafumua nyuzi, akatundika kurasa moja moja kwenye kamba ya nguo, na vibanio juu. Wanyama wakajaa.

"Atakayegusa namkanyaga!"

"Hatugusi, Mzee. Tunatazama tu."

"Tazameni mpaka mchoke! Hakuna hapa anayejua a wala be."

Mama Digidigi akasogea. Miaka miwili alikuwa anakwenda darasa la watu wazima, kimya kimya, ingawa meno yameshaanza kumng'oka. Akanyoosha ukwato hewani.

"Di... gi... di... gi. Ju... ma... nne. A... su... bu... hi."

Akarudia, hajiamini.

"Jumanne asubuhi! Mzee, si ndiyo siku unayooga wewe peke yako bwawani?"

"Ehee!" wanyama wakaguna.

"Na mimi, Mama! Nisomee na mimi!" akadakia Nungunungu.

Kiboko akarukia kamba.

"Taratibu, Mzee," akasema Mama Digidigi. "Bado mbichi. Ukizikunja sasa zitaoza, na wakaguzi je?"

Kiboko akabaki mikono juu, mdomo wazi. Karatasi zikabaki kambani siku ile, na kesho yake, na mwezi mzima, maana kila siku walijaa wanyama wa kusomewa zamu zao.

Jumanne Mama Digidigi akachota maji. Hakupiga vigelegele, alikuwa amechoka. Aliwanywesha watoto, naye akanywa, akakaa chini.

Na mimi naishia hapo kwenye kamba, watoto wangu: daftari la watu wote likae pale wote wanapoweza kulisoma, siyo chini ya makalio ya karani.