Ofisi ya Muda ya Mkurugenzi

Paliondokea mwanamke aitwaye Somoe, mpanga ratiba ya matengenezo katika hospitali ya wilaya. Yeye alipanga, mkurugenzi Ndauka akapangua. Masika hayo paa la wodi ya wazazi lilivuja hadi vitandani, lakini Ndauka alikuwa na janga kubwa zaidi: kiyoyozi chake kilinguruma.

"Mafundi waanzie kwangu," aliamuru. "Wazazi watavumilia."

"Hakika, mkuu, afya yako kwanza," Somoe alijibu kwa unyenyekevu. "Ila ofisi itafungwa siku tatu kwa sababu ya vumbi. Nimekutafutia nyingine ya muda, ina hewa tele."

Ndauka alifurahi kuenziwa. Kesho yake akahamishiwa huko na mafaili yake yote. Saa nne mvua ikashuka. Saa nne na robo akatoka mbio, suti imelowa chapachapa.

"Somoe! Umeniweka wapi?"

"Chumba cha wauguzi, mkuu, wodi ya wazazi. Wenyewe walishakihama."

"Kiyoyozi kingoje! Paa lizibwe leo hii!"

Somoe akamnyooshea karatasi ya amri, iliyochapwa tangu jana.

"Weka sahihi hapa, mkuu. Mafundi wako nje na mabati tangu alfajiri."