Mguu wa Breki

Kama kuna dereva unayempenda, msomee hii kabla hajawasha gari.

Mzee Shekimweri alikuwa akiendesha basi la shule kwenye milima ya Lushoto, barabara ambayo ukimaliza kona moja nyingine inakusubiri. Alikuwa na ugonjwa uitwao sakoidosisi, unaootesha vinundu ndani ya mwili. Kwake ulianzia mapafuni, akatibiwa, akadhani umekwisha. Kisha mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. Mwenye shule alipomwona anachechemea, akamwambia bila cheti cha daktari hashiki usukani.

Mzee akaenda hospitali akiwa na majibu yake tayari.

Daktari Zaina alimwambia afumbe macho, akaanza kumgusa unyayo kwa pamba.

"Unasikia, baba?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo nasikia vizuri kabisa."

Mara hiyo pamba ilikuwa bado hewani. Daktari akaiweka kando.

Akambandika vibandiko vyenye waya, akatuma umeme kidogo kwenye neva, mshipa unaopeleka habari kati ya mguu na ubongo. Mguu wa kushoto uliruka. Wa kulia ulitikisika kivivu.

"Mashine yenu imechoka," mzee akasema.

"Haya, tuangalie kwa njia nyingine."

Akampaka jeli pembeni ya goti, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Kwenye skrini neva ya mguu wa kulia ilionekana imevimba kuliko ya kushoto.

"Umeme umeniambia habari hazifiki sawasawa," daktari akasema. "Picha imenionyesha zinapokwama. Ugonjwa umeingia kwenye neva, baba, lakini haujaiua. Ukianza dawa sasa, tuna matumaini."

"Mimi nimezaliwa na mishipa minene, mwanangu. Niandikie tu cheti."

Msimcheke haraka. Kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yake, na aliogopa kushinda barazani akisalimia wapita njia kutwa nzima. Inauma, jamani.

Basi daktari akavuta karatasi, akafungua kalamu. Mzee hakuamini macho yake.

"Nitasaini," daktari akasema. "Ila binti yangu anaanza shule yenu kesho. Nitamleta mwenyewe nimpandishe kwenye basi lako. Mashine zangu umezikataa, basi niambie wewe: mguu huo unaisikia breki?"

Mzee akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Usisaini, daktari," akasema, na machozi yakamtoka. "Breki naitafuta kwa macho."

Daktari akafunga kalamu.

"Ahsante, baba. Mimi sina binti. Lakini wale unaowabeba kila asubuhi wana mama zao."

Mzee alianza dawa wiki hiyohiyo. Ganzi ilipungua polepole, ila haikuisha yote, na usukani hakuurudia. Mwenye shule alimpa kazi ya kuwapandisha na kuwashusha watoto. Sasa anakaa kiti cha mbele, na dereva mpya analalamika kwamba kwenye kona mzee hanyamazi.

Funzo: Ukipimwa, usimpe daktari jibu unalotamani liwe kweli, mjibu kama mtu ambaye watoto wa wenzake wamekaa nyuma yake garini.