Tembo na Maji ya Mlangoni

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na mikutano isiyokwisha, palikuwa na mto ulioshuka kutoka mlimani. Juu aliishi Tembo. Katikati aliishi Nyati, mlinzi wa sheria za mto. Chini kabisa aliishi Nguchiro, mkewe Bi Kidawa na watoto wao.

Siku moja Tembo alisimama mkutanoni akatangaza sheria mpya.

"Maji yaliyo mlangoni kwako ni yako! Ya mlangoni kwa mwenzako usiyaguse! Wala usitupe chako mlangoni kwake!"

Hiyo ya mwisho aliiongeza kwa sababu alichoshwa na maganda ya ndizi ya majirani. Sauti yake ilikuwa kubwa, basi sheria ikapita.

"Sheria ni sheria!" akasema Nyati, akipiga kwato. Ko! Ko!

Kesho yake Tembo akabingirisha mawe katikati ya majabali mawili, chini kidogo ya nyumba yake, akayakandika tope. Ukuta ukasimama, mto ukakatika. Huko chini majani ya maharage yakajikunja. Watoto wa Nguchiro wakawa wanalamba umande.

"Baba watoto," akasema Bi Kidawa, "haya maharage yasipopata maji karibuni, tutayachoma kama kuni."

Nguchiro akashika njia. Akaufuata mto kwenda juu. Akapita kwa Nyati, akapita ukuta, akapita nyumba ya Tembo, mpaka kwenye chemchemi. Chemchemi ilikuwa bado inatoka. Mlimani mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akageuka kutazama chini, akaona kwamba mlango wa Tembo uko chini kuliko vichwa vya yale majabali.

"Kwi kwi kwi!" akacheka, akashuka mbio mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba maji?" akauliza Tembo.

"Hasha! Nimekuja kukuonya. Unaibiwa!"

"Na nani?"

"Na mimi! Hebu tazama ule ufa. Tii! Tii! Matone yanapita. Yakifika kwangu, kwa sheria yako, ni yangu. Nitatajirika kwa jasho lako, mzee."

Tembo akaziba ufa. Bwata!

"Na pale juu je? Mvua ikinyesha, maji si yataruka ukuta?"

"Yaruke yaende wapi? Hayaendi popote!"

"Ongeza mawe, mzee! Ongeza!"

Tembo akaongeza mpaka ukuta ukalingana na vichwa vya majabali.

Bi Kidawa aliposikia, alishika kiuno. "Umemwambia aongeze? Wewe, umelogwa? Leo utalala nje!"

Mvua ikanyesha mlimani. Asubuhi moja Tembo alikuwa amekaa kwake anakunywa uji. Chubwi! Mguu ukazama. Chubwi! Wa pili. Sufuria ikaelea, ikatoka mlangoni. Magunia ya mahindi yakaanza kulowa.

Tembo akakimbilia ukutani, akaegemeza kichwa ausukume.

"Simama!" Nyati akamzuia. "Unafanya nini?"

"Nafungua maji!"

"Ya nani?"

"Yangu!"

"Yanakwenda wapi?"

"Huko chini!"

"Mlangoni kwa Nguchiro? Utupe chako mlangoni kwa mwenzako?" Ko! Ko! "Sheria ni sheria."

"Lakini sheria hiyo nimeitunga mimi!"

"Ndiyo maana unaijua vizuri."

Nguchiro akatokea na familia yake. "Jamani mzee, mbona umelowa?"

"Mdogo wangu, nakusihi, kubali kupokea maji!"

"Maji yako? Naogopa sheria, mzee."

Bi Kidawa akamtazama mumewe, akatazama ukuta, akaelewa. "Wala sisi hatuna kiu," akasema, huku watoto wakimvuta kanga.

Maji yakamfika Tembo tumboni. "Mnataka nini? Semeni upesi!"

"Sheria moja ya mto mzima," akasema Nguchiro, "kutoka chemchemi mpaka kinamasi. Maji yaende kwa zamu. Na wa juu asisogeze jiwe kabla ya kuwauliza wa chini."

"Nakubali! Nakubali! Nivunje sasa?"

"Polepole! Jiwe moja moja. Ukivunja kwa pupa, shamba langu litakwenda, pamoja na nyumba ya Nyati."

Nyati akashtuka. "Nyumba yangu? Mbona sheria haikusema hivyo?"

"Sheria haikutembea, afande."

Tembo akatoa jiwe la kwanza. Tiririri! La pili. Chwaaa! Watoto wa Nguchiro wakaruka majini wakipiga kelele, na Bi Kidawa akawafuata na kanga yake.

Kisha ikaitishwa kazi ya pamoja, yaani msaragambo. Wa chini wakapanda kuanika mahindi ya Tembo. Tembo akashuka kuchimba mfereji wa maharage, akiimba vibaya kuliko wote, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

"Ulijuaje kwamba maji yatanirudia?" akamwuliza Nguchiro walipopumzika.

"Nilitembea tu, mzee. Wewe ulikaa mlangoni."

Basi watoto, mto ni mwili mmoja, na anayeukaba shingo hulowa yeye kwanza.