Viganja Mbele ya Ghala

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti au mbu? Paukwa!

— Pakawa!

Naam. Sogeeni, na aliye karibu na mlango aurudishe. Hadithi hii hata mimi ninayeisimulia inanitisha.

Zamani sana, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji chenye ghala moja. Kila mavuno, kila nyumba ilitia humo kikapu cha mtama. Mwaka wa njaa ukija, ghala linafunguliwa. Mshika komeo alikuwa Bi Mboni, kikongwe wa maneno machache na macho makali. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo.

Lakini kuupata mtama ule haikuwa kazi ndogo! Mwenye njaa alisimama mbele ya mlango, watu wote wamemzunguka, wanapaza sauti:

"Panda jiwe! Inua mikono! Geuza viganja!"

Watu wanatazama. Viganja vina sugu? Huyo mchapakazi. "Apewe!" Bi Mboni anavuta komeo, kwaaa! Viganja laini? Huyo mvivu. "Asipewe!" Na neno moja tu la kukataa lilitosha. Tena aliyekataliwa alipoteza sauti yake barazani. Hakuweza kumkubali mtu wala kumkataa mtu mpaka mavuno mengine. Alikwenda kukaa upande wa vichakani. Na vichakani, jamani, kulikuwa na fisi.

Basi mvua ikagoma. Mwaka wa pili, ikagoma. Watu wakaanza kuogopana. Ukikutana na jirani njiani hakutazami usoni, anakutazama viganja. Wengine walijifungia ndani wakasugua mikono kwa mawe, kwiri, kwiri, kwiri, mpaka damu, ili wapate sugu.

Siku moja akapanda Mzee Kirobo, msuka mikeka.

"Asipewe!"

Huyo aliyepaza sauti ni Mdoe, mkulima mwenye sauti ya fahali na viganja kama gome la mti. Kirobo akashuka, akaenda vichakani na fimbo yake. Asubuhi fimbo ilionekana. Kirobo hakuonekana. Bi Mboni aliiokota ile fimbo, akashinda nayo mkononi.

Baraza lililofuata akapanda Sikudhani, mfinyanzi, mjane, mtoto mchanga mgongoni. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto analia kwa kilio chembamba, ng'eee, ng'eee.

"Panda jiwe! Inua mikono! Geuza viganja!"

Akageuza. Udongo unaofinyangwa kila siku huilainisha mikono, na mikono ya Sikudhani ilikuwa laini kweli.

"Tazameni!" akasema Mdoe. "Kama ya bibi harusi! Na leso yake safi. Njaa gani hiyo inayopata nguvu za kufua?"

"Kaka Mdoe, chungu unachopikia nimekufinyangia mimi. Sijiombei. Mtoto huyu hafiki kesho."

"Asipewe!"

Sikudhani akashuka, akaelekea vichakani na mtoto wake. Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemsihi Mdoe, maana kila mtu alikuwa anaogopa zamu yake.

Bi Mboni akasimama. "Haya. Desturi ni desturi. Leo basi tusibague. Kila mmoja apande."

"Haki kabisa, bibi," akasema Mdoe, na kucheka akacheka.

Akapanda mhunzi. "Juzi umeezeka nyumba upya! Asipewe!" Akapanda mkunga. "Mikono ya mafuta! Asipewe!" Akapanda mwindaji, na sugu anazo. "Sugu hizi umezitengeneza kwa jiwe! Asipewe!" Hapo si Mdoe aliyekataa, ni jirani yake mwindaji mwenyewe, aliyekuwa akisikia kwiri kwiri kupitia ukutani. Kisha na huyo jirani akapanda, na yeye akakataliwa. Kila mtu aliwaza, huyu akila, changu kinapungua.

Panda. Inua. Geuza. Asipewe! Panda. Inua. Geuza. Asipewe!

Baraza likawa watu thelathini. Likawa kumi. Likawa watatu. Jua likashuka. Vichakani: uuu-wiii!

Mdoe akabaki peke yake.

"Zamu yako, mwanangu," akasema Bi Mboni.

Akapanda. Akainua. Akageuza. Na sugu zake zilikuwa za jembe, za kweli kabisa.

Akangoja neno "Apewe!"

"Bibi, fungua."

"Mshika komeo hana neno barazani. Nafungua nikisikia sauti."

Mdoe akageuka. Mkewe yuko kule vichakani. Mama yake mzazi yuko kule. "Semeni!" akawapigia kelele. "Semeni apewe!"

"Hawana sauti, Mdoe. Mmenyang'anyana nyote."

Uuu-wiii! Sasa karibu. Mikono ya Mdoe bado iko juu, anaogopa kuishusha. Na Bi Mboni, msidhani alikuwa jasiri, mkono wake ulikuwa umelishika komeo. Alikuwa akimfikiria Kirobo, aliyefungiwa mlango kwa mkono huohuo. Alikuwa ametia roho za kijiji kizima rehani, na hakujua mambo yataishaje. Ghala limejaa pomoni, na watu watakufa mlangoni pake.

Ng'eee!

Bi Mboni akainua uso. "Yule mtoto wa Sikudhani, alishageuza viganja jiweni?"

"Hajageuza, bibi," akajibu Mdoe.

"Basi sauti anayo. Amesema nini?"

Mdoe akashusha mikono. Machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya watu.

"Amesema apewe," akajibu. "Amesema wote wapewe."

Kwaaa!

Waliingia wote ndani ya ghala, wakafunga mlango, na fisi wakazunguka nje wakikwaruza mbao. Humo ndani Sikudhani alipewa uji wa kwanza. Mdoe ndiye aliyeukoroga. Kesho yake jiwe likabingirishwa mpaka korongoni, na tangu hapo mtu hakuulizwa mikono yake kabla ya kula.

Basi nanyi, mtu akija na njaa, mpe chakula kwanza. Viganja vyake utavitazama wakati anakula. Na kabla hujapaza sauti kumkataa mwenzako, hesabu ni nani atakayebaki wa kukusemea wewe.

Ngano yangu imekomea hapo.